Waliniita Profesa wa Vichaa

Mchungaji amesema nisimame mbele, lakini naomba nikae. Mguu wangu wa kushoto hauvumilii kusimama muda mrefu, na sababu yake ni sehemu ya habari niliyoitiwa hapa. Nawasalimu nyote, wenyeji wa kanisa hili, nanyi ndugu zetu wa msikitini mliokuja kwa ajili ya watoto wenu. Nawaona pia vijana mliomaliza kidato cha sita, mmejipanga kule nyuma kama mnaotaka kutoka mapema. Nimeambiwa mnataka kujua nilisomea nini chuo kikuu na kama kina kazi. Nitawajibu bila kuwaficha, ila jibu lenyewe ni refu na sehemu kubwa yake haipendezi. Mkiniona nimenyamaza katikati, msinipigie makofi ya kunitia moyo. Ningojeni tu, nitaendelea.

Kwetu ni Ikinga, Ileje. Mimi Mndali wa milimani, hata matamshi yangu yanawaambia. Katika nyumba yetu tulikua wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike, maana waliotutangulia hawakufika mbali. Huyu mdogo wangu hakuwahi kusema neno hata moja. Alikuwa na afya, alikimbia kuliko mimi, na alipenda kuchukua jani la mgomba akalichana nyuzi nyuzi, nyembamba kabisa, kisha akazipeperusha mbele ya macho huku anatabasamu peke yake. Lakini alipochukizwa alipiga kelele ambazo mtu wa ng'ambo ya bonde alizisikia, na alijing'ata mkono hapa, chini ya kidole gumba, mpaka pakaota sugu kama ya kisigino.

Mnajua watu wanavyosema. Walisema mama alikanyaga dawa. Walisema baba kamtoa mtoto akili ili kahawa yake istawi, na wala kahawa yenyewe haikustawi. Baba alimpeleka kwa waganga ng'ambo ya mto, upande wa Malawi, akarudi naye ana chale kifuani na hakuna kilichobadilika. Msimu wa kulima ulipofika walimfunga kiunoni kwa kitenge, kwenye nguzo ya barazani, kwa sababu jikoni kuna moto na bondeni kuna mto, na shamba halikuwa na mtu mwingine wa kulilima. Naomba msiwahukumu wazazi wangu. Nilimwona mama akikaza lile fundo huku machozi yanamdondoka. Humu ndani kuna watu wanalijua fundo hilo, na sitawatazama.

Nilikuwa kidato cha tano, nimerudi likizo, siku mdogo wangu alipoamka akipiga kelele. Mama akasema, "Leo kaamka na yake." Tukaendelea na kazi. Mchana akawa anajikunja na kujipiga tumbo kwa ngumi, anajing'ata mkono hadi damu. Jirani akaja, akasema mashetani yameshuka tumboni. Tukaomba, tukaimba. Kesho yake zile kelele zikapungua, na mnisamehe kwa neno hili, sote tulishukuru kwamba kumekuwa kimya. Mama akapata hata usingizi kidogo. Jua lilipochomoza tena, mtoto alikuwa amepoa, hapumui.

Baba alimbeba hadi zahanati, sijui ni kwa matumaini gani. Tabibu wa pale alimtazama, akalibonyeza lile tumbo lililokuwa gumu kama ubao, akasema inaelekea utumbo ulijisokota. Halafu akatuuliza, kwa upole kabisa, bila nia mbaya, "Haya ni maumivu makali sana. Hakuwaambia?"

Hakuwaambia. Baba yangu alitembea na swali hilo mpaka akaingia kaburini.

Ndiyo maana nilipofaulu kidato cha sita sikuomba sheria wala uhasibu kama wenzangu. Niliomba saikolojia, kwenye chuo kimoja cha mbali, safari ya kulala njiani. Sikujua hasa ni nini. Nilifikiri watanifundisha kutibu wendawazimu. Mwaka wa pili akaja mhadhiri, mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ndogo ambayo ilitulazimisha kukaa viti vya mbele, akatufundisha somo linaloitwa uchambuzi wa tabia. Siku ya kwanza alituambia hivi: mtoto asiye na lugha hana tabia ya bure. Ukimwona anapiga kelele, usiulize ana pepo gani. Tazama kilichotokea kabla ya kelele. Tazama alichokipata baada ya kelele. Ukishajua kelele inamletea nini au inamwepusha na nini, mfundishe njia nyingine ya kukipata kitu hichohicho, iliyo rahisi kuliko kupiga kelele. Na kabla ya yote, akasema, hakikisha mtoto haumwi. Mtoto aliyebadilika ghafla, mpeleke hospitali kwanza.

Nilinyanyuka, nikatoka darasani. Mwenzangu alinikuta nyuma ya bweni nimeshika ukuta. Akaniuliza, "Vipi, umepata msiba?" Nikamjibu ndiyo. Akauliza lini, nikashindwa kumwambia.

Tangu hapo nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Tulipelekwa mazoezini katika kituo cha watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa akili. Kazi yenyewe, vijana, isikieni: unakaa sakafuni asubuhi nzima na mtoto anayekutemea mate, unamfundisha kuonyesha kwa kidole. Unagawa jambo dogo kama kuvaa shati katika vipande, unafundisha kipande kimoja, akikipatia unamfurahisha papo hapo kwa kile anachokipenda yeye, hata kama ni karanga tu. Unaandika kila siku ulichokiona ili usijidanganye kwamba anaendelea kumbe haendelei. Hakuna muujiza. Kuna kurudia. Nami nilikipenda kitu kile, nilikipenda kama chakula. Mhadhiri wetu aliniambia siku ya kuagana, "Wewe una mikono ya kazi hii. Sijui tu nchi itakuweka wapi." Nilidhani ananitania.

Haya, sasa tufike kwenye ajira, naona mmeinua vichwa.

Nilirudi huku na shahada yangu. Pale wilayani, kwanza nikaenda idara ya elimu. Wakaniuliza, "Una ualimu?" Nikasema sina, nina saikolojia, nimebobea kwenye tabia za watoto wenye ulemavu. Wakasema watoto wagonjwa ni wa afya. Nikaenda afya. Kule wakauliza kama mimi ni daktari au nesi. Nikawaeleza. Wakasema mambo ya tabia na familia ni ya ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii nikamkuta mama mmoja mpole, amezungukwa na kesi za matunzo ya watoto, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, watoto hao wapo na tunawajua. Lakini kwenye muundo wa kazi za serikali, cheo chako hakipo. Hata nikikutaka, nitakuweka kwenye kiti gani? Hebu jaribu elimu." Mnacheka. Mimi wakati ule sikucheka.

Katika wenzangu niliosoma nao, mmoja alipata kituo cha watu binafsi Dar es Salaam, kwa watoto wa wenye uwezo. Mwingine akauza bima. Mmoja yuko nje ya nchi, anafanya kazi ileile tuliyosomea na anaheshimiwa kama mganga mkuu. Wengine walirudi kusomea kitu kingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Mimi nikaja hapa Tunduma. Nilikuwa nawapokea madereva wa malori wanaosubiri kuvuka, nawatafutia vyumba vya kulala, nawaelekeza ofisi za mpakani, nawabebea hiki na kile. Siku moja mwenzangu mmoja alinidadisi nilisomea nini, nikamweleza. Kufikia jioni jina lilikuwa limeshavuka mpaka. Profesa wa Vichaa. Hata Wazambia wa upande wa Nakonde waliniamkia, "Mulishani, ba Profesa?" halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nilicheka nao. Mtu akishakupa jina la namna hiyo, ukikasirika ndiyo unalithibitisha.

Lakini jina hilohilo ndilo lililomleta kwangu mama mmoja aliyekuwa akiuza maharage sokoni. Alisimama mbele yangu, amejifunika khanga hadi kidevuni.

"Kaka, wewe ndiye Profesa?"

"Wananitania tu, dada. Karibu."

"Mimi sikuja kutania. Nina mtoto wangu hasemi. Wa kike. Nimemfungia ndani kwa mama mkwe. Wanasema wewe ulisomea hao."

Nyumba ya huyo mama mkwe ilikuwa kwenye kitongoji kimoja, ndani kidogo kutoka barabara kuu, ukishapita Nanyala. Mume alishaondoka, alisema kwao hakuna damu ya namna hiyo. Nilikwenda Jumapili. Kile chumba kilikuwa hakina dirisha. Mtoto alikuwa ameketi kwenye kona, nywele zimejisokota, miguu imelegea kwa kukosa kutembea, na mkononi, hapa, chini ya kidole gumba, ana sugu.

Nipeni dakika.

Basi. Tukaanza. Nilifanya kwanza kama nilivyofundishwa, nikahakikisha haumwi, nikamwomba mama ampeleke hospitali, akapewa dawa za minyoo na za masikio. Kisha nikatazama. Niligundua mtoto hupiga kelele akiwa na kiu, na anapopiga kelele bibi yake humrushia kila kitu kilichopo, ugali, nguo, hata kofi, mpaka wabahatishe maji. Nikaanza kumfundisha jambo moja tu: ukitaka maji, chukua kikombe, kitie mkononi mwangu. Mkono wake ulishikwa na mama nyuma yake, kikombe kikafika kwangu, maji yakaja papo hapo. Tena na tena. Mengine tuliyafundisha kwa picha nilizokata kwenye magazeti na makasha. Nilikuwa na mfuko wangu wa kitambaa, ndani mna karanga, picha, gundi na mkasi.

Wale wanaofanya kazi hii wanajua jambo ambalo mimi sikuwaeleza majirani wa pale, na wala sikufikiri ni la kueleza majirani. Mtoto aliyezoea kupata vitu kwa kelele, siku ile kelele inapoacha kufanya kazi, huwa hanyamazi. Huzidisha. Hupiga kelele kuliko alivyowahi kupiga, kwa muda, kabla hajaamini ile njia mpya. Mama na bibi niliwaandaa, wakavumilia. Majirani walichokisikia ni hiki: kuna mwanamume mgeni, hajaoa wala hana ndugu hapa, huja na mfuko, huingia kwenye nyumba ya mtoto aliyefichwa, na akishaingia mtoto hulia kama anayechinjwa.

Nanyi mnakumbuka miaka ile. Wazee mliopo hapa mnakumbuka hofu iliyokuwa Mbozi hii, watu wakiogopa kuchunwa ngozi, wakiogopa viungo vya binadamu kuuzwa. Mgeni alikuwa hatembei ovyo.

Mchana mmoja mtoto wa kitongoji cha jirani hakuonekana. Nawaambia mapema ili msisumbuke moyo, alikuwa kwa shangazi yake, alipanda baiskeli ya mjomba bila kuaga. Walimpata mzima. Lakini kabla hawajampata, mimi nilikuwa chumbani na mwanafunzi wangu, na nje nikasikia mbiu ikipigwa.

Walinivuta nje kwa shati. Mmoja akapindua mfuko wangu chini. Karanga zikamwagika, na picha zilizokatwa: mdomo, mkono, jicho, mguu, maana nilikuwa namfundisha sehemu za mwili. Halafu ukaanguka mkasi.

Jamani, nilisoma mambo ya tabia chuo kikuu. Nilijua mtu akiogopa anafanyaje, na umati ukiogopa unafanyaje. Nilikuwa nimeufanyia hata mtihani nikafaulu. Haikunisaidia kitu. Nilisema, "Mimi ni mwalimu," sauti ikapotea. Mpini wa jembe ulinipiga hapa kwenye goti, nikasikia mfupa ukilia kama kuni. Fimbo ikanipata tayani. Nikaonja udongo. Nilisikia mtu anasema waleteni tairi, na aliyesema hivyo, nilimfahamu kwa sauti, alikuwa amenipa maji ya kunywa wiki ile.

Aliyeniokoa ni yule mama muuza maharage. Alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari na mzigo wake kutoka sokoni. Hakupiga kelele. Alipenya katikati ya miguu ya watu, akanilalia, kifudifudi, uzito wake wote. Nilisikia moyo wake ukipiga mgongoni kwangu. Akasema, "Washeni. Mkimchoma huyu mnichome na mimi, halafu mchukueni mtoto wangu humo ndani mumlee nyie." Walimvuta miguu, akang'ang'ania. Walimpiga teke, ubavu wake ulivunjika, niliusikia. Bibi naye akatoka na kigoda akaketi mbele ya vichwa vyetu. Mwenyekiti wa kitongoji alipofika na mgambo, bado alikuwa amenilalia, na wengine walishaanza kuondoka mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka wameacha chungu motoni.

Nililala hospitali muda mrefu. Mfupa uliunga vibaya. Hakuna aliyeshitakiwa, maana hakuna aliyekuwepo. Kila aliyeulizwa alikuwa shamba.

Baada ya hapo nikarudi Ikinga, kwa mama. Baba alikuwa ameshafariki. Hapa ndipo nilipoanguka kweli, ndugu zangu, maana kupigwa si kuanguka. Sikuweza kusikia mtoto analia, hata mtoto mchanga mwenye njaa tu, mwili wangu ulikuwa unatoka jasho. Nilianza kunywa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, tangu asubuhi. Nilikuwa nakaa kilabuni na wazee, nanyonya kwa mrija kama wao, mpaka waje kunibeba. Mama aliniwekea chakula, akakikuta vilevile jioni. Nilijiambia: umesoma miaka yote hiyo, ukakosa hata jina la kazi, na siku uliyoifanya wakataka kukuchoma. Kuna asubuhi niliteremka hadi mtoni nikasimama nayatazama maji ya masika yanavyopita, na sikuwa nimekwenda kuoga. Aliyenirudisha ni jirani aliyekuja kunywesha ng'ombe, akasema, "Mama yako anakuita," ingawa mama hakuwa ameita. Naye yule jirani hakumwambia mtu yeyote. Kama kuna mtu hapa anayatazama maji namna hiyo, asitoke leo kabla hajanishika mkono.

Sasa sikilizeni. Nilikuwa nimekaa barazani, mchana, sijanywa kwa sababu sikuwa na hela ya pombe. Nikaona mwanamke anapanda kile kilima polepole, ameshika ubavu, na nyuma yake, amefungwa kwa mkono tu, mkono kwa mkono, anatembea mtoto. Anatembea! Mtoto niliyemkuta miguu imelegea. Walikuwa wamepanda gari hadi lilipoishia, kisha wakatembea kilichobaki.

Mama yangu akawakaribisha. Salamu zikachukua muda, kama desturi ilivyo. Kisha yule dada akaniambia, "Kaka, nimekuja kukuchukua."

"Unichukue wapi? Dada, mimi siwezi. Hebu nitazame."

"Nakutazama. Na mimi nitazame basi, mbavu hizi hazijapona."

"Watu wako wataniua."

"Sirudi kule. Nimehamia Tunduma, nimepanga chumba. Mtoto huyu ameanza kitu, kimekwama, na mimi sijui kinachofuata. Nani mwingine nimwulize?"

Wakati huo mtoto alikuwa anazunguka nyumba kama alivyozoea, hamwangalii mtu. Akafika kwenye kichanja cha vyombo nyuma ya jiko, akachukua kikombe cha bati. Mama yangu alikuwa ameketi karibu. Mtoto akamwendea, mtu asiyemjua kabisa, akamtia kile kikombe mkononi, akasimama akisubiri.

Mama akaniuliza, "Anataka nini?"

Nikamwambia, "Maji, mama. Anakuomba maji."

Alimpa. Mtoto akanywa, akamrudishia kikombe, mama akampa tena. Kisha mama yangu alikaa chini, pale pale penye matope ya kuoshea vyombo, akashika kichwa. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anasema kwa Kindali, na mimi nawatafsiria: "Kumbe angeweza kutuambia. Kumbe mwanangu angeweza kutuambia."

Niliondoka nao kesho yake, natembelea mkongojo. Mama alinifungia viazi vya njiani.

Sitaki mdhani kwamba baada ya hapo mambo yakanyooka. Mwalimu mkuu mmoja, mwanamke, alitupa stoo ya shule iliyokuwa na madawati mabovu. Nilifanya kazi pale bila mshahara, asubuhi na watoto, mchana nikarudi kwa madereva wangu wa malori. Walikuja watoto wawili, kisha wakaongezeka. Kuna familia ya wafugaji kutoka mabondeni Momba, mbele ya Chitete, walimleta kijana wao akakaa kwa ndugu hapa mjini, akajifunza kula mwenyewe, akajifunza kwenda chooni. Masika wakamchukua nyumbani. Mvua ikaikata barabara. Walipopata njia alikuja baba yake peke yake, fimbo begani, akaniambia, "Mwalimu, ametangulia. Homa. Lakini alituonyesha kichwa, alishika kichwa hivi, tukajua kinamuuma." Akanishukuru kwa hilo. Nilipokea shukrani hiyo na sijui mpaka leo niiweke wapi.

Na wale walionipiga, hakuna aliyewahi kuniomba msamaha. Mmoja nakutana naye hapa sokoni. Yeye hutazama nyanya. Mimi nimesamehe siku fulani, na siku nyingine sijasamehe, Mungu anajua. Mchungaji ananitazama, lakini ndiyo kweli.

Baadaye nilisomea ualimu kwa masomo ya mbali, nikaajiriwa na halmashauri. Vijana, hilo ndilo jibu lenu. Nimeajiriwa kama mwalimu. Kile nilichosomea hakina jina kwenye kiti changu hadi leo, ingawa ndicho ninachofanya tangu asubuhi hadi jioni. Ukitaka kusoma uchambuzi wa tabia, soma, lakini shika na ualimu, au uuguzi, au ustawi wa jamii, ili uwe na mlango wa kuingilia serikalini. Ukienda mjini kwa watu binafsi utaishi vizuri. Ukija huku utaishi kwa shida, utaitwa majina, na hutakosa mwanafunzi hata siku moja. Wala usiingie kwenye nyumba ya mtu kabla hujaenda kwa mwenyekiti, na kwa majirani, ukawaambia mlango uko wazi, njooni mtazame. Hilo hatukufundishwa chuoni, nami nililipia kwa mfupa.

Namshukuru mhadhiri wangu mwenye sauti ndogo. Namshukuru jirani wa mtoni. Namshukuru mwalimu mkuu wa ile stoo. Mama yangu yuko Ikinga, amezeeka, hasikii vizuri, lakini namshukuru mbele yenu. Na yule dada amekaa humu ndani. Hataki nimtaje na sitamtaja. Alinilalia nikiwa chini, kisha akapanda mlima na mbavu zilizovunjika kuja kuninyanyua. Ndaga, dada, asante. Sina neno lingine.

Wazazi, mimi sikuwaletea tiba. Usonji hauishi kama malaria. Wapo watakaosema neno, wapo watakaoonyesha tu kwa kidole, na wapo ambao nitahangaika nao miaka nisiwafikishe popote, na nitawaambia hivyo usoni. Ninachowaomba ni kimoja. Mtoto wako akianza kelele ambazo si zake za kila siku, usimnyamazishe. Mvue nguo umtazame mwili mzima, mbonyeze tumbo, mkimbize hospitali, na acheke atakayecheka.

Darasa letu la watoto hawa linafunguliwa Jumatatu. Nimemaliza, lakini naomba jambo la mwisho. Mtakapowaleta, msipite vichochoroni na msiwafunike khanga usoni. Pitieni barabara kuu, mchana, watu wote wakiona.